Mbwa wetu wa utotoni alikuwa mtukutu, na huyu mpya anafuata nyayo zake. Nimchape?

"Daktari, habari za kazi. Nilipokuwa mdogo tulikuwa na mbwa nyumbani, Simba, mtukutu kupindukia. Alikuwa akidokoa nyama jikoni, akibeba viatu na kutimua navyo mbio uani, akichimba mashimo, na tukimwacha peke yake anakojoa kwenye kitanda cha baba. Sisi watoto tulikuwa tunacheka mpaka machozi yanatutoka. Baba alimchapa kwa kandambili na kumkandamiza pua kwenye mkojo wake. Mbwa mwenyewe alijua kosa lake, maana tukirudi tu tunamkuta amejikunyata, hatutazami usoni. Alipofika kama miaka mitatu akatulia. Lakini mpaka anazeeka, akimwona baba ameshika kandambili anaingia uvunguni, hata kama baba anataka kuivaa tu. Sasa mimi ni mama wa watoto wa miaka 4 na 8, na tumechukua mtoto wa mbwa, Jojo, mwenye miezi 5. Ni Simba mtupu: viatu, chakula, mikojo. Kaka yangu anasema mbwa bila fimbo haelewi, nianze mapema. Moyo wangu unasita. Je, mbwa hulipiza kisasi kweli? Nimchape, nivumilie mpaka akue, au nimgawe?"

Mama, barua yako ina mbwa wawili, na nadhani anayekusumbua zaidi ni yule ambaye hayupo tena. Unamtazama Jojo huku unamwona Simba. Unaogopa kwamba utukutu ni hulka isiyotoka ila kwa kipigo, na papo hapo unaukumbuka uvungu ule na hutaki mbwa mwingine aishi hivyo. Nitakujibu yote uliyouliza, ila tuanze na Simba, kwa sababu ushahidi wote wa kaka yako unatoka kwake.

Kumbukumbu ya utotoni hushika tukio na kuziachia dakika zilizolitangulia. Unamkumbuka Simba na kiatu mdomoni. Hukumbuki kama kabla ya hapo alikuwa ameshinda amefungwa, kama siku hiyo alitembezwa, wala nani alikuwa wa kwanza kumkimbiza. Kisa kikishasimuliwa nyumbani mara ishirini, kila mara watu wakicheka pale pale, hubaki sehemu ya kuchekesha peke yake. Hakuna ubaya, ndivyo familia zinavyotunza visa vyao. Lakini ukitaka kujua kwa nini mbwa anafanya jambo, jibu karibu lote limo katika zile dakika zilizosahaulika.

Tuchukue hilo la "alijua kosa lake." Watu wengi wenye mbwa wangeapa kwamba wameliona. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alilijaribu kwa mbwa 14 majumbani kwao. Mwenye mbwa anamkataza kula kipande cha biskuti, kisha anatoka chumbani. Anaporudi anaambiwa kama mbwa kala au hakula, na mara nyingine anaambiwa uongo. Sura ile ya majuto, kufyata mkia, kulaza masikio, kukwepa macho, haikufuata kama mbwa alikula. Ilifuata kama mwenyewe alimkaripia. Tena waliojikunyata zaidi ni wale waliokaripiwa bila kosa.

Kwa hiyo Simba aliyejikunyata mlangoni hakuwa anaungama. Alikuwa amejifunza kanuni moja fupi: baba akiingia na sakafuni kuna mkojo, kipigo kinafuata. Kujikunyata ni lugha ya mbwa ya kumtuliza aliyemzidi nguvu, kama kusema "nimenyenyekea, usiniumize." Baba akaisoma kama kukiri, akazidi kuchapa, na mbwa naye akazidi kujikunyata. Hakuna aliyekuwa mkatili kwa makusudi; walikuwa hawaelewani.

Na kisasi? Ili mbwa alipe kisasi kwa mkojo, itabidi afikiri hivi: wameniacha, watarudi jioni, kitanda kikilowa baba ataumia moyoni, nami nitakuwa nimemkomesha. Hakuna ushahidi kwamba mbwa hupanga mambo kwa mlolongo huo. Vilevile, kwa mbwa mkojo si uchafu wa kumtukana mtu nao. Ni harufu yenye habari ndani yake. Mbwa anayehangaika akiachwa peke yake huenda mahali penye harufu nzito ya mtu wake, na nyumbani hakuna panapozidi kitanda. Anapanda pale kutafuta faraja, hofu inambana, kibofu kinaachia. Sikumwona Simba, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndicho kilichotokea. Lakini mbwa anayekojoa watu wakiondoka tu, na mahali hapo tu, mimi humtazama kwanza kama mwenye hofu.

Sasa utaona kwa nini kumkandamiza pua kwenye mkojo hakusaidii. Mbwa huunganisha tendo na matokeo yaliyo karibu sana, sekunde moja au mbili. Akiadhibiwa nusu saa baada ya kukojoa, anachounganisha ni mkojo, baba na maumivu. Kukojoa kwenyewe hakumo. Ndiyo maana mbwa waliofanyiwa hivyo wengi hujifunza kukojoa kwa siri, nyuma ya kochi au chumba kisichotumika, na wengine hukataa kujisaidia mbele ya mtu hata wakiwa nje. Hapo umejifungia mlango mwenyewe, kwa sababu huwezi kumtuza mbwa kwa kukojoa mahali sahihi ikiwa hathubutu kukojoa ukiwa karibu.

Lile la kutulia akiwa na miaka mitatu ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya kaka yako, nami naiheshimu, kwa kuwa ndivyo ilivyoonekana. Ila mbwa karibu wote hutulia katika umri huo, waliochapwa na wasiochapwa. Meno ya utotoni, ambayo ni 28, huanza kung'oka karibu na mwezi wa 4, na meno 42 ya ukubwani huwa yamekamilika karibu na mwezi wa 7. Kisha unafuata ujana, kuanzia kama miezi 6 hadi mwaka mmoja na nusu au miwili, wakati ambao mbwa husahau hata aliyokuwa akiyajua. Baada ya hapo akili na mwili hupoa. Kandambili ilikuwepo muda wote huo, ndiyo iliyopewa sifa. Kilichobaki kuwa kazi ya kandambili hasa umekiandika mwenyewe: mbwa mzee anayeingia uvunguni mtu akitaka kuvaa ndala.

Sitakudanganya kwamba fimbo haifanyi kitu. Mara nyingi inakatisha tendo papo hapo, na ndiyo sababu watu wanaiamini. Lakini inalikatisha mbele ya mwenye fimbo. Akitoka, sufuria ipo na mbwa yupo. Na hofu ikimzidi, mbwa mwingine huja kuuma, mara nyingi mtu dhaifu kuliko yule aliyemchapa. Kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka 4, mimi nisingeligusa hilo kabisa. Mwaka 2021 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko kwamba mbwa wote, hata wenye matatizo makubwa, wafundishwe kwa njia za kutuza, bila maumivu wala vitisho. Kwa hiyo kwa kaka yako unaweza kusema hujamdekeza mbwa. Umechagua njia inayofanya kazi hata ukiwa haupo.

Tuje kwa Jojo. Kwa miezi 5 yuko katikati kabisa ya kubadilisha meno, na ufizi unamuwasha. Kuguguna kunampa nafuu, kwa hiyo ukimzuia kuguguna bila kumpa mbadala atatafuta kingine. Loweka kitambaa kizito, kisokote kama kamba, kigandishe kwenye friji, mpe akiguguna wewe ukiwepo. Kikianza kuchanika kichukue. Vitu vya kuchezea vipime kwa ukucha wa kidole gumba: ukibonyeza kisibonyee hata kidogo, ni kigumu mno na kinaweza kuvunja jino. Mifupa iliyopikwa usimpe, hupasuka vipande vyenye ncha. Na tafadhali usimpe kiatu chakavu achezee ukidhani utaokoa vipya. Kwa pua ya Jojo, kiatu chakavu na kipya ni kitu kimoja: ngozi yenye jasho lenu.

Kuhusu kukimbia na kiatu, jiweke mahali pake kidogo. Jojo amelala ukumbini, hakuna anayemtazama. Anainuka, anachukua kiatu, na ghafla nyumba nzima inamwita jina, watoto wanapiga yowe, mama anatoka jikoni mbio. Kwa mtoto wa mbwa hiyo ni sherehe, na tiketi yake ni kiatu. Hapo hajaharibu chochote bado. Amegundua kitufe kinachowasha familia. Kwa hiyo msimkimbize hata hatua moja. Mtu mmoja achukue kitu anachokipenda zaidi, kipande cha nyama au mpira wake, akae chini, amwite kwa sauti ya kawaida, ambadilishie: akiachia kiatu, anapewa kile kingine papo hapo. Ikiwezekana, mara nyingine mrudishieni hata kitu chake mwenyewe baada ya kubadilishana, ajue kuachia si kupokonywa. Mbwa anayepokonywa kila mara hujifunza kumeza haraka au kukilinda kitu kwa meno, na hilo ni kubwa kuliko kiatu. Muhimu kuliko yote hayo, viatu viingie kabatini mlango ufungwe, na Jojo apewe dakika kumi za mchezo wakati hajaiba chochote.

Udokozi ndio unaochukua muda mrefu zaidi kuuondoa, na sababu yake inafaa kueleweka. Mbwa akijaribu mara thelathini akakosa, kisha mara ya thelathini na moja akapata kipande cha nyama, hajifunzi kwamba kuiba hakulipi. Anajifunza kutokata tamaa. Zawadi inayokuja kwa nadra, bila kutabirika, ndiyo inayojenga tabia ngumu kuliko zote. Basi kwa wiki nne hadi sita zijazo lengo lenu liwe moja tu: asifanikiwe hata mara moja. Vyakula visogezwe mbali na ukingo, vifuniko vikae, jaa la taka liwe na kifuniko kinachobana au liwe nyuma ya mlango, na mkipika au kula Jojo awe nyuma ya kizuizi na kitu chake cha kuguguna. Tegemea jambo moja: siku za kwanza atazidi. Atabweka, atakwaruza mlango, ataruka. Tabia iliyozoea kulipwa ikinyimwa malipo hupanda kwanza kabla ya kushuka. Wengi hukata tamaa hapohapo na kumtupia kipande anyamaze, na wakati huo wamemfundisha kwamba kelele ndogo haitoshi.

Papo hapo mfundisheni neno "acha." Kata vipande vya chakula vidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kimoja kifumbate, ngumi iwe usawa wa pua yake. Vingine viwe kwenye mkono wa pili, nyuma yako. Atalamba, ataparura, atasukuma. Usiseme kitu, usivute mkono. Atakapoondoa pua, hata kwa nusu sekunde, sema "ndiyo" na mpe kipande kutoka mkono wa pili. Fanya hivyo kwa dakika tatu, mara mbili au tatu kwa siku, basi. Siku ambayo katika majaribio kumi anaondoa pua mara nane bila kusukuma, ndipo uanze kutamka "acha" kabla ya kumwonyesha ngumi. Baadaye kiganja kiwe wazi, tayari kufumba. Kisha kipande kiwe sakafuni, mguu wako tayari kukifunika. Kisha kwenye kigoda kifupi. Kila hatua ipe siku mbili au tatu, na akishindwa mara mbili mfululizo rudi nyuma hatua moja.

Mambo matatu huharibu zoezi hili. La kwanza ni kumpa kilekile alichokatazwa. Hapo anajifunza kusubiri, hajifunzi kuacha. La pili ni kurudiarudia neno, "acha, acha, Jojo acha," mpaka linakuwa kelele kama kelele nyingine za nyumba. La tatu ni kuruka hatua, kutoka ngumi moja kwa moja hadi nyama ya mezani, kisha kumwita mkaidi.

Mikojo ni hesabu. Kwa makadirio, mtoto wa mbwa huweza kubana kwa saa zilizo sawa na umri wake kwa miezi ukiongeza moja, kwa hiyo Jojo hafiki zaidi ya kama saa sita, na hiyo ni akiwa ametulia au amelala. Akiwa macho anacheza, saa moja au mbili zinatosha kibofu kujaa. Mtoeni akiamka, dakika kumi na tano hadi thelathini baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Nendeni naye hadi pale pale kila siku, simameni bila kucheza naye, na akimaliza tu mpeni zawadi hapohapo. Zawadi ya jikoni baada ya kurudi ndani inakuwa ni ya kuingia ndani. Akikojoa ndani na hukumwona akifanya, umechelewa, safisha, basi. Ukimkuta katikati ya tendo, mkatishe kwa upole na umtoe. Ndani nyonya mkojo kwa kitambaa kikavu kwanza, kisha osha kwa sabuni ya kufulia yenye vimeng'enya, maana hivyo humeng'enya kinachobaki na harufu. Dawa za kusafishia zenye amonia ziepuke, zinanukia kama mkojo na zitamrudisha palepale.

Mashimo hukuyataja kwa Jojo, kwa hiyo nitasema machache. Mbwa huchimba kutafuta ardhi yenye ubaridi, kuficha chakula, kufuata mnyama mdogo, au kwa kukosa kazi. Aina kama teria zilizalishwa kwa kazi hiyo. Mtengee pembe moja ya uwanja, fukia vitu vyake humo kina cha kiganja, na akichimba pengine mhamishie huko.

Watoto wako ndio ninaowajali zaidi katika barua yote. Mlicheka na Simba, na wao watacheka na Jojo, na ni vizuri wacheke. Ila wa miaka 4 asiachwe peke yake na mbwa hata dakika moja, hata akiwa mpole namna gani. Watoto wengi wanaoumwa huumwa na mbwa wanayemjua. Wafundishe kutomgusa akila, akilala au akiwa na kitu mdomoni, na kutomkumbatia shingoni. Wafundishe "kuwa mti": akiwarukia au kuwauma-uma vifundo vya miguu kwa mchezo, wasimame tuli, mikono wakunje kifuani, watazame chini. Mti hauna raha ya kuchezewa, ataondoka. Wewe mwenyewe jifunze dalili za mbwa aliyechoshwa: anajilamba midomo bila chakula, anapiga miayo bila usingizi, anageuza kichwa pembeni lakini macho yanabaki kwa mtoto hadi weupe unaonekana, mwili unakakamaa. Hapo mtoe mtoto kabla halijatokea lolote. Na akinguruma, usimwadhibu kwa kunguruma. Lile ni onyo, na mbwa aliyefundishwa kuficha onyo huuma bila kutangaza.

Kumgawa? Si dhambi, lakini bado ni mapema, kwa kuwa hakuna jambo hata moja uliloandika ambalo si la kawaida kwa miezi 5. Swali la haki la kujiuliza ni kama kuna mtu mzima mmoja nyumbani anayeweza kumpa kama saa moja na nusu kwa siku, ikigawanywa vipande vipande, kwa mwaka mzima ujao. Mtoto wa miaka 8 anaweza kusaidia kutoa zawadi na kujaza maji. Kulea mbwa hawezi. Kama mtu huyo hayupo, ni afadhali kumtafutia nyumba nzuri sasa kuliko akiwa na mwaka mmoja na nusu, amefungwa mnyororo kwa sababu amekuwa mkubwa.

Kabla ya kuamua, chukua daftari. Kwa siku saba, kila Jojo akifanya utukutu, andika saa, alichofanya, na hasa kilichokuwa kikitokea dakika tano kabla: alikula lini, alitoka lini mara ya mwisho, alilala kiasi gani, nani alikuwa karibu. Mtoto wa mbwa huhitaji usingizi mwingi, saa 16 hadi 18 kwa siku, na wengi wanaoonekana wameingiwa na wazimu jioni ni usingizi tu uliowazidi.

Daktari wa mifugo umwone siku hiyohiyo ikiwa Jojo amemeza soksi, uzi au kipande cha kitu kisha anatapika, hapati choo au tumbo linamuuma. Ukiona uzi unaning'inia nyuma usiuvute. Vivyo hivyo akila chokoleti, zabibu, kitunguu kwa wingi, au kitu kilichotiwa zailitoli, sukari mbadala ya kwenye baadhi ya pipi na ubani wa kutafuna. Akianza ghafla kukojoa mara nyingi au kunywa maji kupita kawaida, apimwe kabla hujamfundisha chochote. Hakikisha amechanjwa kichaa cha mbwa. Kwa kawaida dozi ya kwanza hutolewa kuanzia wiki ya 12. Akimtoa mtu damu, au mbwa mwingine yeyote akifanya hivyo, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo, hata kama ni mkwaruzo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikiwahi hukizuia.

Na kama anakakamaa na kukodoa macho mtu akikaribia bakuli lake, kama ameshauma zaidi ya mchezo, au kama anajikojolea na kukwaruza milango kila mnapotoka, hayo hayatatuliwi kwa kusoma tu. Omba daktari akuelekeze kwa mtu anayefundisha mbwa bila fimbo, ambaye atakubali uwepo na utazame kila anachofanya. Nenda na lile daftari, na video fupi ya Jojo uliyoichukua kwa simu mkiwa mmetoka.